Kiti cha Shangazi

Shangazi yangu anaogopa ngazi. Anaogopa lifti, anaogopa mbwa hata aliyefungwa, na umeme ukikatika hupiga kelele kabla mtu hajapapasa tochi. Nikikuambia kwamba mwanamke huyo huyo amekaa ndani ya kila gari la mbio lililotoka kwenye gereji yetu, siku ya kwanza kabisa gari linapojaribiwa, utasema napiga chuku. Sipigi. Amekaa, na kila mara amekaa anatetemeka.

Gereji ni ya familia. Aliyeianzisha ni marehemu baba yangu, kaka yake Shangazi, na kazi yetu ni moja tu: tunaunda vigari vidogo vya wazi, viti viwili sambamba karibu na magurudumu ya nyuma, visivyo na paa wala milango, kwa ajili ya watu wanaopenda kuendesha lakini mifuko yao haifiki kwenye magari ya matajiri. Fremu tunachomelea wenyewe, bodi ni bati jepesi, injini tunaitoa kwenye gari la kawaida la nyumbani. Kigari kizima hakifiki kilo mia saba. Kaka yangu anafunga injini na ndiye dereva wa majaribio. Mimi nashona viti. Breki ni za Shangazi, kuanzia pedeli mpaka diski, na wateja wanamwita Mama Breki naye anaitika.

Baba alituachia sheria. Aliyefunga breki ndiye anayekaa kiti cha pili siku ya majaribio. Alisema fundi akijua mwili wake mwenyewe utakuwemo, hawezi kuacha nati imelegea. Shangazi hajawahi kuacha nati imelegea hata kwenye baiskeli ya mtoto, lakini sheria ni sheria. Siku ya majaribio alikuwa hali kitu. Alivaa koti la marehemu kaka yake, akajifunga mkanda, akaniita niukague, kisha akaukagua tena kwa sababu mimi pia haniamini. Ni mnene, tena mnene hasa, na kumwingiza kwenye kiti kile kulihitaji subira na mara nyingine watu wawili.

"Msinisukume mnavyosukuma gunia!" alikuwa akifoka. "Nina mifupa humu ndani!"

Mdomo wake ndio uliokuwa kipimo chetu. Injini ikiwa dhaifu, Shangazi alirudi anamsimulia Kaka habari za majirani, ametulia kabisa. Injini ikitosha, alimtukana njia nzima. Tulimsikia toka mbali, juu ya mlio wa gari: "Kichwa maji wewe! Nani alikufundisha kuendesha, mbuzi? Kona hiyo, we mtoto, kona hiyo!" Kaka alishuka anacheka mpaka machozi, Shangazi akashuka anamtafuta wa kumpiga kofi, na sisi tukajua gari limekamilika. Kwa uzito wa vigari vyetu matusi yalikolea kwenye nguvu ya farasi mia na ishirini. Wateja walipouliza kwa nini hatuongezi, Kaka aliwajibu kwamba hapo ndipo Shangazi anapotukana vizuri.

Basi akaja daktari wa meno.

Alikuwa mtu mpole, kucha safi, sauti ya chini, na simu iliyojaa video za magari yanayotoa moshi kwenye matairi. Alitaka kigari chetu hiki hiki, chepesi hivi hivi, lakini chenye farasi zaidi ya mia mbili na hamsini. Shangazi alikuwa chini ya gari jingine. Alitoka kwa mgongo, akaketi sakafuni na spana mkononi.

"Daktari, unakwenda wapi na farasi wote hao?"

"Siendi popote, Mama. Nataka tu kujua kwamba wapo."

"Mimi nina wajomba wengi, najua wapo, lakini sijawahi kuwabeba wote kwenda sokoni."

Daktari alicheka. Kaka hakucheka, na nilipomtazama nikaona macho yanang'aa. Tangu baba afariki kulikuwa na maneno mjini kwamba gereji imebaki ya kuunda midoli, na maneno hayo yalikuwa yanamla. Kabla daktari hajaondoka, Kaka alikuwa ameshaanza kupima kwa mikono nafasi ya injini kubwa.

Injini ilipatikana, ya gari kubwa, na ilikuwa nzito kuliko ile tuliyoizoea. Kaka alikata fremu, akachomelea upya, akahamisha rejeta ya kupoza injini. Shangazi akafunga diski kubwa zaidi mbele na nyuma. Kisha tukaliweka gari kwenye mizani, kama baba alivyotufundisha: mizani nne, moja chini ya kila gurudumu, Kaka kwenye usukani na Shangazi kiti cha pili. Baba alikuwa akisema gari lipimwe na watu wake ndani. Kutokana na uzito huo Shangazi hukaza au kulegeza skrubu moja karibu na pedeli, inayogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nyuma kukiwa kuzito, unakupa breki zaidi. Kukiwa kwepesi, unapunguza, la sivyo magurudumu ya nyuma yanakaza kabla ya yale ya mbele na gari linageuka nyuma mbele. Hiyo skrubu hakuna mtu mwingine anayeigusa.

Majaribio tunafanyia barabara ya machimbo ya zamani nje ya mji. Hapachimbwi tena kitu. Kuna mstari mrefu ulionyooka, mwisho wake kona kali iliyojificha nyuma ya kilima cha kokoto, na upande wa nje wa kona ni shimo lenyewe, lenye maji ya kijani chini. Mimi husubiri mwanzo wa mstari na kisanduku cha vifaa. Siku ile waliondoka, nikatega sikio nisikie matusi.

Sikusikia kitu. Injini ilinguruma, ikapotea nyuma ya kokoto, ikarudi. Sauti ya Shangazi haikuwemo. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia amenyamaza ndani ya gari.

Lilisimama mbele yangu. Midomo ya Shangazi ilikuwa imepauka.

"Umeona linavyokimbia?" Kaka aliruka nje. "Na linavyosimama! Shangazi, breki zimeshika au hazijashika?"

"Zimeshika."

"Sasa?"

"Sasa naogopa."

"Shangazi, wewe unaogopa hata ngazi!"

"Ngazi najua kwa nini naiogopa," alisema. "Hili sijui. Kuna kitu hapa, baba, na sikijui."

Alikwenda nyuma ya gari, akainama, akatapika. Nilimshika mgongo. Ulikuwa unatetemeka wote.

Siku zilizofuata alizifungua breki zote na kuzifunga upya. Alipima pedi, akatoa mafuta ya breki akatia mengine, akavuta kila bomba kwa vidole akitafuta unyevu. Hakupata kosa. Nyumbani, ambako naishi naye, alisimama kwenye sinki akiosha kikombe kimoja kile kile, na chakula kikapoa mezani.

"Mwambie kaka yako aitoe hiyo injini," alisema.

"Nimwambie kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nilinyamaza."

Nilimwambia. Kaka alinisikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa, akasema anamheshimu Shangazi kuliko mtu yeyote aliye hai, lakini hawezi kumwambia daktari kwamba gari halitauzwa eti shangazi yake alinyamaza. Sheria ya baba ilikuwa imeshatimizwa, aliyefunga breki amekaa. Jumapili daktari anakuja machimboni kuliona, na yeye Kaka ataliendesha peke yake, maana daktari mwenyewe atakuwa peke yake: hana mke, na mama yake hapandi kitu kisicho na paa. Shangazi apumzike nyumbani.

Shangazi hakupumzika. Jumapili asubuhi alikuwa wa kwanza kuingia kwenye pikapu, na lile koti la baba amelivaa.

Daktari alikuwa ameshafika, amevaa viatu vyeupe, simu mkononi tayari kurekodi. Kaka alivaa helmeti. Mkanda wa kiti cha pili aliufunga juu ya kiti kitupu ili usipepee, akatupungia mkono, akakanyaga mafuta. Kokoto zilirukia magoti yangu. Gari likawa linakwenda, dogo, zuri, jekundu, na nitasema ukweli, kwa pumzi moja hivi nilijivuna.

Shangazi alinishika mkono wa blauzi.

"Mbona limeinuka nyuma?"

Nilitazama. Kweli lilikuwa limeinuka, pua imelala, mkia juu.

"Si ndivyo linavyokuwaga, Shangazi?"

"Sijui," alisema. "Mimi sijawahi kuliona likiondoka."

Na hapo ndipo sote wawili tulipolielewa neno lake. Hajawahi kuliona. Si hili wala mengine yote. Siku gari linapoondoka kwa mara ya kwanza yeye huwa ndani, ameshika kiti, anatukana, na mteja akija kulichukua yeye huwa chini ya gari linalofuata.

"Mizani," alisema, na vidole vyake vikaniuma. "Mimi nilikuwa kwenye mizani. Breki za nyuma nimezipima kwa kuhesabu uzito wangu. Mimi simo! Nyuma kumebaki kwepesi, mbele kuna lile linjini lote. Akikanyaga pale kwenye kona nyuma kutakaza. Msimamishe! Msimamishe mtoto wangu!"

Nilipiga kelele. Daktari, ambaye hakuelewa kitu, alipiga kelele pia. Kaka alikuwa ndani ya helmeti na ndani ya ule mngurumo, angesikia nini? Vigari vya farasi mia na ishirini havikuwahi kufika kwenye kona ile na mwendo wa kukanyaga breki namna hiyo. Udogo wa injini ulikuwa unatusitiri miaka yote, na hatukujua kwamba tunasitiriwa.

Shangazi alianza kukimbia. Mwanamke asiyekimbilia hata mvua alikimbia katikati ya barabara, koti linampiga magotini, kiatu kimoja kimebaki nyuma, anaita jina la utotoni la Kaka ambalo halijaitwa tangu aote ndevu. Nami nikakimbia. Gari likapinda nyuma ya kilima cha kokoto na hatukuliona tena.

Tulisikia injini ikishuka. Tulisikia matairi yakilia, mlio mrefu, halafu mlio wa pili wa juu zaidi. Tulisikia kokoto zikimwagika. Halafu hatukusikia chochote.

Mimi sijui kuelezea ukimya ule. Miguu yangu iliendelea kukimbia lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika kule mbele, nimeshamwona Kaka chini kwenye maji ya kijani, nimeshapeleka habari kwa ndugu, nimeshashika nguo zake. Nilimwomba Mungu na kumgombeza katika sentensi moja. Daktari alitupita mbio na viatu vyake vyeupe, kisha akapunguza, akatugeukia uso umesawijika, akasema, "Mama, mimi ni wa meno tu." Alikuwa anaogopa kufika wa kwanza. Shangazi akampita.

Gari lilikuwa limesimama kwenye kona, limetazama lilikotoka. Mkia ulikuwa ukingoni kabisa. Nyuma ya magurudumu kulibaki upana wa meza ya kulia chakula, kisha hakuna ardhi. Vijiwe vilikuwa bado vinadondoka na kule chini tukavisikia vikiingia majini kimoja kimoja. Kaka alikuwa ameketi ndani, mikono yote miwili kwenye usukani, macho wazi.

"Umeumia?" Shangazi aliuliza. "Baba, umeumia?"

Kaka alitikisa kichwa. Nilimvua helmeti. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Nilijaribu kumbandua vidole kwenye usukani, vikagoma.

"Limegeuka lenyewe," alisema. "Nimekanyaga, likageuka lenyewe. Nimeliona shimo, Shangazi. Nilikuwa natazama shimo."

Daktari alisema tulisukume, au aite gari la kuvuta. Lilikuwa wazo zuri na mimi nilishaanza kulishika bampa. Shangazi akanizuia. Alinivuta pembeni, akaniegemea, na uzito wote wa hofu yake nikausikia begani.

"Naogopa kufa, mwanangu," aliniambia sikioni. "Lakini woga naujua, tumeishi pamoja miaka yote. Kaka yako haujui. Akishuka hapo sasa hivi kwa miguu, hatapanda tena, na ile gereji ndiyo basi. Na mimi nikikaa, breki ziko sawa. Mimi nikikaa, ziko sawa."

"Shangazi, usiingie. Nakuomba."

"Nisukume," alisema.

Nikamsukuma. Gari lilizama kidogo upande wake na upande wa nyuma, na kokoto zikadondoka tena. Alijifunga mkanda. Hakuniita niukague.

"Washa," alimwambia Kaka.

"Siwezi, Shangazi."

"Nimesema washa, kichwa maji wewe! Unataka nikae hapa mpaka niote ukungu? Washa!"

Injini ikawaka. Gari likasogea mbele, polepole, likaacha ukingo. Tukalifuata kwa miguu, na muda wote lilipokuwa linapotea kwenye ule mstari mrefu tulimsikia Shangazi. Alitukana ukoo mzima. Alimtukana mbuzi aliyemfundisha Kaka kuendesha, akamtukana daktari na farasi wake, akamtukana marehemu baba kwa sheria zake, akayatukana machimbo. Aliposhikwa na kikohozi alikohoa kisha akaendelea pale pale alipoachia. Na katikati ya matusi nikasikia sauti nyingine, ya Kaka, mwanzo kama kwikwi, kisha kicheko. Nikaketi barabarani. Nilijiambia, Shangazi anatukana, basi mambo yamekwisha.

Injini kubwa ilitoka wiki ile ile. Daktari mwenyewe ndiye aliyeomba itolewe. Alisema ameshajua farasi wapo na inamtosha. Kigari chake kina mia na ishirini, na amewahi kutuambia kwamba hajawahi kuwamaliza. Vigari vya zamani tuliviita vyote virudi, kimoja kimoja, Shangazi akarekebisha ile skrubu. Siku hizi tunapima mara mbili, kiti cha pili kikiwa na mtu na kikiwa kitupu, na Shangazi husimama nje na kulitazama gari likiondoka. Analia kila mara. Mtu akimuuliza Kaka kigari namna hii kinahitaji nguvu kiasi gani, anamwelekeza kwa Shangazi, na Shangazi anasema kiasi ambacho mtu wa pembeni bado anaweza kutukana.

Lakini kuna jambo moja. Kabla ya kumkabidhi daktari gari lake nilivitoa viti nivisafishe. Kiti cha pili nilipokilaza mezani kando ya cherehani, niliona mshono wa chini umeachia, kulia na kushoto, mahali mikono inapofika. Mshono ule nashona kwa uzi wa mara mbili na huwa hauachii. Ngozi ilikuwa imepasuka. Ndani, sponji ilikuwa imechimbwa, mashimo kumi, matano kila upande, mpaka kwenye ubao, na kwenye ubao kulikuwa na damu kidogo iliyokauka.

Kaka aliingia nikiwa bado nimekishika.

"Kiti kimefanyaje?"

Sijafungua mdomo, Shangazi akajibu kutoka chini ya gari. "Panya."

"Panya?"

"Panya hao. Wamejaa humu gerejini. Mshoneeni daktari kiti chake."

Kaka aliyatazama yale mashimo. Kisha akainama, akaitazama ile mikono iliyokuwa inakaza nati chini ya gari, ncha za vidole zikiwa zimefungwa plasta zote. Alikaa hivyo ameinama muda mrefu kuliko mtu anayetafuta spana.

"Basi itabidi tutafute paka, Shangazi," alisema.